Viwanja vya gofu ya diski vilivyofungwa wakati wa korona: ni nini hasa kilichokuwa kikifungwa?

Swali: Mzee wa Kikapu (Michigan, Marekani)

Salaam wakuu. Naomba mchango wenu kuhusu jambo ambalo kwa wengine litaonekana dogo, lakini kwangu limegeuka kuwa kazi ya kuandika. Chama chetu cha wachezaji wa gofu ya diski, hapa magharibi mwa Michigan, kimeombwa na kamati ya bustani za umma kitoe maoni kwa maandishi: iwapo litatokea janga jingine la maradhi ya kuambukiza, je, viwanja vya mchezo huu vifungwe au viachwe wazi, na kama ni kufungwa, kwa utaratibu gani? Wenzangu wamenitupia mimi kazi hiyo kwa sababu mwaka 2020 nilikuwa mchezaji wa kila siku, na pia, nadhani, kwa sababu ni mimi pekee ambaye sikuhudhuria kikao.

Kwa wasioufahamu mchezo wenyewe, kanuni zake ni za gofu, isipokuwa kinachorushwa ni diski ya plastiki na kinacholengwa ni kikapu cha chuma kilichosimama juu ya mlingoti, chenye minyororo inayoning'inia ili kuikamata diski. Tunaendelea kusema "shimo la kwanza" na "shimo la pili" ingawa hakuna shimo lolote ardhini. Kiwanja cha kwanza cha kudumu kilifunguliwa mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, karibu na Pasadena, California, kwa juhudi za Ed Headrick. Wakati huo kilicholengwa kilikuwa nguzo tu. Kikapu cha minyororo, ambacho pia ni ubunifu wake, kilifuata baadaye.

Sasa nirudi mwaka 2020. Tarehe 23 Machi Gavana Gretchen Whitmer alitoa agizo la kukaa nyumbani, lililoanza kutumika usiku wa kuamkia tarehe 24. Agizo lile lilikataza mengi, lakini liliruhusu waziwazi kutembea, kukimbia, kuendesha baiskeli na burudani nyingine ya nje, mradi mtu akae futi sita, yaani karibu mita mbili, kutoka kwa watu wasio wa nyumba yake. Niliposoma maneno hayo nilitulia, kwa kuwa mchezo wangu ni kutembea kilomita kadhaa kati ya miti huku nikirusha kitu ambacho hakishikwi na mtu mwingine. Wiki haikuisha kabla sijakuta vikapu vya kiwanja cha karibu vimevishwa mifuko myeusi ya taka na kuzungushiwa utepe wa njano, na tangazo likisema kwamba kiwanja kimefungwa hadi itakapotangazwa vinginevyo. Bustani yenyewe ilikuwa wazi. Watu walipita na mbwa wao katika njia zilezile ambazo mimi nilikatazwa kupita nikiwa na diski mkononi.

Nikaendesha gari hadi kaunti ya jirani, ambako hakuna aliyekuwa amefunga kitu, nikakuta maegesho yamejaa na makundi ya watu wannewanne yakisubiri zamu kwenye sakafu ya kwanza ya kurushia. Niligeuza gari nikarudi nyumbani. Tangu siku ile nimebaki na swali ambalo sasa nalazimika kulijibu kwa maandishi: kilichofungwa kilikuwa ardhi, vikapu, au sisi wachezaji?

Jibu: Fundi Minyororo

Mzee wa Kikapu, pole kwa kazi uliyotupiwa. Mimi ni mmoja wa watu waliojitolea kufunga mifuko ile, si katika kiwanja chako bali katika mji mwingine, kwa hiyo nitaeleza nilichokiona kwa macho.

Jambo la kwanza ni kwamba agizo lile halikuandikwa kwa ajili yetu. Viwanja vya gofu ya kawaida vilihesabiwa kuwa biashara, kwa sababu vina wafanyakazi, kaunta ya malipo, mgahawa na vigari vya kukodi, na wafanyakazi hao hawakuwamo katika orodha ya kazi za lazima. Ndiyo maana gofu ilisimama hadi agizo jipya la tarehe 24 Aprili lilipoiruhusu tena, bila vigari. Kiwanja cha diski hakina lolote kati ya hayo. Sehemu kubwa ya viwanja vya nchi hii viko ndani ya bustani za umma, havina lango wala mkusanya ada, na vikapu vyake huwekwa na kutunzwa na wachezaji wenyewe. Sababu iliyoifunga gofu haikutosha kutufunga sisi, na uamuzi ukamwangukia mwenye ardhi. Matokeo yake ni hayo uliyoyaona: mji mmoja unafunga, kaunti ya pili inaacha wazi, na mwingine anang'oa vikapu na kuvifungia ghalani.

Hofu iliyotajwa hadharani ilikuwa ya chuma. Katikati ya Machi 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha vipimo vya maabara vilivyoonyesha kwamba virusi hai vilipatikana kwenye plastiki na kwenye chuma cha pua kwa muda wa hadi saa 72. Mfikirie meneja wa bustani anayesoma habari hiyo asubuhi, kisha mchana anasimama mbele ya kikapu na kuona kila mchezaji akiingiza mkono kati ya minyororo ileile ili kutoa diski yake, Jumamosi nzima, katika mashimo yote 18. Minyororo yetu ni ya chuma kilichopakwa zinki, si chuma cha pua, lakini sidhani kama kulikuwa na mtu wa kukaa kubishania hilo wakati ule.

Hata hivyo, nikuambie lililokuwa nyuma ya pazia. Katika kikao nilichohudhuria, minyororo ilizungumzwa kwa dakika tano, na maegesho yakazungumzwa kwa muda wote uliobaki. Shule zilikuwa zimefungwa, kumbi za mazoezi zimefungwa, mabao ya mpira wa kikapu yameondolewa pete zake, na vijana wote wa mtaa walikuwa wamegundua kwamba diski moja ni bei nafuu na kiwanja ni bure. Kufunika vikapu ilikuwa njia ya kuwatawanya watu bila kuajiri mlinzi. Mfuko wa taka ulifanya kazi ya askari, na kwa kweli hakuna aliyelisema hilo katika tangazo.

Jibu: Muuguzi wa Usiku

Nawasalimu nyote. Ni rahisi leo kumcheka aliyekivisha kikapu mfuko wa taka, lakini mimi nilikuwa zamu hospitalini katika wiki zile, na naomba nimtetee kidogo. Mnamo Machi 2020 hatukujua ugonjwa unapita wapi. Nilikuwa nikirudi nyumbani navua viatu nje ya mlango, na nilipanguza pakiti za unga na sukari kwa dawa kabla ya kuziingiza jikoni. Mtu anayefanya hivyo kwa pakiti ya unga hawezi kumlaumu mwenye bustani kwa kuogopa mnyororo unaoguswa na umati.

Lakini maarifa yalisonga mbele na mifuko ikabaki palepale. Tarehe 5 Aprili 2021 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilieleza kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi kwa ujumla ni chini ya mara 1 katika 10,000. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka huohuo katika Journal of Infectious Diseases yalionyesha kwamba maambukizi yaliyotokea nje yalikuwa chini ya asilimia 10 ya yale yaliyoripotiwa, na kwamba uwezekano wa kuambukizwa ndani ya jengo ulikuwa mkubwa mara 18.7 kuliko nje. Kwa hiyo, Mzee wa Kikapu, ukiniuliza kosa lilikuwa wapi, sitalitafuta katika siku ya kwanza ya kufunga. Nitalitafuta katika yale maneno "hadi itakapotangazwa vinginevyo." Uamuzi uliofanywa gizani ulipaswa kuwa na siku ya kuangaliwa upya, na hakuna aliyepewa jukumu hilo.

Na wachezaji nao wasijifanye malaika. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Uwanjani walikaa mbalimbali kwa adabu kabisa, kisha baada ya shimo la mwisho wakasimama bega kwa bega nyuma ya gari la mmoja wao, wakicheka na kugawana chipsi kutoka mfuko mmoja. Wengine walifika watu wanne ndani ya gari moja, vioo vimepandishwa kwa sababu ya baridi ya Aprili. Hatari ilikuwa hapo, na mfuko uliofunika kikapu haukuigusa.

Jibu: Mkaazi wa Midlands (Uingereza)

Naongezea ya huku, kwa kuwa sisi tulifungiwa mara tatu. Zuio la kwanza lilitangazwa tarehe 23 Machi 2020, na michezo kama gofu na tenisi ikaruhusiwa tena kwa England tarehe 13 Mei, mtu akicheza na watu wa nyumba yake au na mmoja tu wa nje. Zuio la pili likaanza tarehe 5 Novemba na kuisha tarehe 2 Desemba. La tatu lilitangazwa mwanzoni mwa Januari 2021, na viwanja vya michezo ya nje vikafunguliwa tarehe 29 Machi.

Nimetaja tarehe hizo kwa makusudi. Tulinung'unika sana, na klabu za gofu zililalamika kwamba mtu anaruhusiwa kutembea mahali popote ila juu ya nyasi zao, lakini katika zuio la pili, kwa mfano, tulijua tangu mwanzo lini lingefikia kikomo. Mtu akijua mwisho huvumilia hata asichokubaliana nacho. Tatizo letu lilikuwa jingine: vikapu vya diski katika bustani ya hapa kwetu vimesimama katikati ya njia za watembeaji, na watembeaji waliruhusiwa kutoka kwa mazoezi. Je, mtu anayetembea kwa mazoezi akirusha diski, amefanya mazoezi au ameingia kiwanja kilichofungwa? Nilimwuliza mhudumu wa bustani, akanijibu kwamba yeye ameagizwa kuhesabu watu, si kuhesabu diski. Nikaamua kulenga miti. Kutokana na maelezo yako ya Oak Grove, naona nilikuwa nimerudi mwaka 1975 bila kujua.

Jibu: Mtupa Mbali

Mimi sikubaliani na sehemu moja ya maoni ya Fundi Minyororo. Kama lengo lilikuwa kupunguza msongamano, basi kufunga kiwanja kimoja kimoja ndiko kulikouzalisha. Mzee wa Kikapu mwenyewe ni shahidi: mji wake ulipofunga, wachezaji wake hawakulala, walihamia kaunti ya jirani na kuujaza uwanja uliokuwa ukimeza watu wake vizuri. Ni kama kuziba tundu moja la paa na kusogeza ndoo. Ama wenye ardhi wa eneo zima wakae pamoja na kuamua jambo moja, ama kila mmoja aache wazi na kudhibiti idadi.

Ningependa pia tutenganishe kiwanja na mashindano. PDGA, chama kinachosimamia mchezo huu kimataifa, kilisimamisha mashindano yaliyo chini ya kibali chake katikati ya Machi 2020, na mashindano ya dunia ya wachezaji wa kulipwa yaliyokuwa yafanyike Ogden, Utah, yakaahirishwa hadi 2021. Sikumsikia mchezaji yeyote wa maana akipinga hilo, kwa sababu mashindano huleta watu kutoka majimbo mbalimbali, huwalaza hotelini na kuwalisha pamoja. Kusimamisha mashindano na ligi za kila wiki kulikuwa hatua kali na ya busara. Kumzuia mtu mmoja na mwanawe kurusha diski saa kumi na mbili asubuhi ni jambo la aina nyingine kabisa, na tangazo moja halipaswi kuyafunika yote mawili.

Jibu: Fundi Minyororo

Mtupa Mbali, hoja ya ndoo naikubali, na nakiri kwamba kikaoni hakuna aliyeuliza jirani atafanya nini. Ila ukumbuke ukubwa wa wimbi lenyewe. Wanachama hai wa PDGA walikuwa zaidi ya 50,000 kidogo mwaka 2019, na mwaka 2020, pamoja na kufungwa kote huko, wakapita 70,000. Na hao ni waliolipa ada, bila kuhesabu maelfu walionunua diski moja dukani. Baadaye hata diski zenyewe zikaadimika madukani. Hata tungeacha kila kiwanja wazi, maegesho yaliyochorwa kwa magari kumi na tano yasingetosha. Kuhusu kudhibiti idadi, nani angesimama pale kuhesabu? Wa kujitolea? Tulikuwa watano, na wawili kati yetu walikuwa wazee tuliokuwa tumewaomba wasitoke nyumbani.

Mwuliza swali: Mzee wa Kikapu

Nawashukuru wote, na hasa Dada Muuguzi, ambaye amenifanya nifute aya nzima ya lawama niliyokuwa nimeiandika tayari. Rasimu yangu sasa inasimama hivi. Ligi na mashindano yasimame mara tu afya ya jamii inapotangaza hatari, bila mjadala. Uwanja wenyewe ubaki wazi kwa wanaotoka nyumba moja, na badala ya kuvisha vikapu mifuko, nusu ya maegesho ifungwe kwa mapipa, kwa kuwa gari lisilo na pa kusimama hurudi lenyewe na halihitaji wa kulihesabu; hilo ndilo jibu langu kwa swali la Fundi. Ikilazimu vikapu kuondolewa, basi tangazo lieleze sababu, litaje tarehe ya kuangaliwa upya isiyozidi siku 14, na litaje ofisi itakayofanya hivyo. Na kabla ya kufunga, kamati iwapigie simu wenye viwanja vya kaunti jirani.

Limebaki jambo moja ambalo sijalipatia maneno. Kiwanja chetu kilipofunguliwa hakuna aliyetangaza; asubuhi moja tulikuta mifuko imechanwa, na hadi leo sijui kama aliyeichana alikuwa mfanyakazi wa bustani au mchezaji aliyechoka kusubiri. Kama yupo aliyewahi kuandika utaratibu wa kufungua, si wa kufunga tu, naomba anirushie mfano wake kabla ya kikao cha Jumanne.