Mtu kala pilau langu sahani tatu, halafu anamwambia binti yangu "ngozi imekulipa"

Bi Mkubwa wa Houston (mwenye uzi)

Wakuu, nimemaliza kuosha masufuria sasa hivi na mikono bado inatetemeka, mtanisamehe herufi zikiruka. Modi usiniunganishe na ule uzi wa vyuo vya nje, huu ni uzi wa matusi.

Mnamjua, simtaji. Yule anayevaa kofia ya kauboi juu ya kanzu. Yule ambaye Houston hii hakuna msiba ambao kipaza sauti hakijaishia mkononi kwake. Aliwahi kuwa mweka hazina wa chama mpaka hazina ikaisha. Basi, huyo huyo.

Leo tulikuwa na kasherehe ka binti. Kapata chuo Massachusetts, vile vyuo vinavyokataa watu zaidi ya tisini katika kila mia. Nimealika watu wenye heshima zao, na yeye akaja. Sahani ya kwanza nikanyamaza. Ya pili nikasema ni mgeni. Ya tatu akainamia sufuria mpaka kofia ikaingia mvuke, anatafuta nyama. Akapata. Halafu akasimama, akagonga glasi kwa kijiko, akamwita mwanangu jina lake lote la ubatizo, na mdomo una mchuzi, akasema:

"Hongera mama, ngozi imekulipa."

Ngozi. Imekulipa.

Na watu wakacheka! Mchungaji alicheka akasingizia kikohozi. Mtoto kabaki kasimama na trei ya sambusa, hajui aendelee kugawa au aiweke chini.

Ngozi gani? Mtoto kasomea SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo, mpaka tukabadilisha miwani. Na hicho kisanduku cha rangi kwenye fomu ya kuomba chuo, mnachosema kinawabeba weusi, hata hakiangaliwi tena tangu 29 Juni 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoviangusha vyuo vya Harvard na North Carolina kwa kuangalia rangi ya mwombaji. Kaandika Jaji Roberts mwenyewe. Sasa hiyo ngozi imelipa kwa njia gani, M-Pesa?

Na glasi aliyogonga ni ya seti.

Ngozi imekulipa. Mdomo una mchuzi!

Kibarazani

Nimewahi siti ya mbele.

Chuma Ulete

Punguza povu bi mkubwa. Hiyo sahani ya tatu uliiona kwa macho yako au uliletewa taarifa?

Ngosha wa Dallas

Nimemjua kwenye kofia tu hahahaa. Huyo kwenye harusi fulani hapa kwetu alimpa bwana harusi mkono, akamwambia, "Hongera, makaratasi yamekuja na shela." Mama mkwe kasimama pembeni, anasikia.

Mwanasheria wa Kijiweni

Naongezea kidogo. Kesi ya North Carolina ilikuwa majaji 6 kwa 3, ya Harvard 6 kwa 2, kwa sababu Jaji Ketanji Brown Jackson alikaa pembeni, aliwahi kuwa kwenye bodi ya waangalizi ya chuo hicho. Na Roberts aliacha kadirisha: mwombaji anaruhusiwa kueleza kwenye insha jinsi rangi ilivyomgusa maishani. Swali langu kwa mwenye uzi, binti aliandika nini kwenye insha?

Bi Mkubwa wa Houston

Aliandika habari za bibi yake wa Korogwe na cherehani yake. Na wewe umeanza kutafuta ngozi? Hebu nipishe.

Chuma Ulete

Bibi wa Korogwe hahahaa! Basi ngozi imepita dirishani na cherehani mkononi. Mzee yuko sahihi, apewe sahani ya nne.

Binti Pangani

Achana nao dada. Wanaosema ngozi inalipa wakaangalie chuo cha MIT. Vijana walioingia 2024, wa kwanza baada ya hukumu, weusi walishuka kutoka kama asilimia 13 mpaka 5, Waasia wakapanda hadi 47. Chuo cha Amherst weusi walikuwa 11, wakawa 3. Yale ndiyo haikuyumba, 14 ikabaki 14. Kwa hiyo mwanao kaingia kipindi ambacho hiyo ngozi haina hata salio la kubipu. Mwambie huyo mzee hivyo, akiwa ameshameza.

Mtoto wa Kariakoo

Ngozi inayolipa ni ya baba aliyesoma hapo hapo. Kwenye kesi hiyo hiyo ya Harvard mahesabu yaliwekwa mezani: mtoto wa mhitimu alikuwa anaingia kama mmoja kati ya watatu, mtoto wa asiyesoma pale hafiki hata mmoja kati ya kumi. Na mahakama haikuugusa upendeleo huo. California ndiyo wameupiga marufuku kwa sheria ya 2024. Umewahi kuona mtu anagonga glasi kuwasimanga hao?

Ngosha wa Dallas

Na Waasia je? Mle Harvard kulikuwa na alama za haiba, takwimu za kesi zikaonyesha wao wanapewa ndogo kuliko wenzao. Mtu hajawahi hata kukuona, anakupimia haiba.

Chuma Ulete

Wewe Ngosha hata ukionwa alama ni hiyo hiyo.

Mmarekani wa Mbagala

Mtanitukana ila naliweka hapa. Sisi wahamiaji tulikula sana kwenye hicho kisanduku. Kuna utafiti wa 2007 kuhusu vyuo vigumu: katika weusi wa mwaka wa kwanza, 27 kwa mia walikuwa wahamiaji au watoto wa wahamiaji. Ukienda Ivy League, vile vyuo vinane vikongwe kina Harvard na Yale, ni 41. Na mwaka 2004 Henry Louis Gates na Lani Guinier, wote maprofesa pale Harvard, walishauliza hadharani mbona weusi wenye asili ya utumwa wa hapa ni wachache kiasi hicho. Nina jirani, babu yake alichuma pamba Texas hii hii. Kijana wake kakosa kila alikoomba. Mimi wakati huo napuliza maputo uani, nikaona haya nikapunguza muziki.

Bi Mkubwa wa Houston

Kwa hiyo unamtetea aliyekula sahani tatu.

Mmarekani wa Mbagala

Sijamtetea mama yangu, nimesema tu kwamba

Bi Mkubwa wa Houston

MDOMO UNA MCHUZI!

Wanjiku wa Minnesota

Woiye, pole sana mama. Lakini nyinyi angalau mnabishania ngozi. Kwetu Kenya ni jina la pili. Kuna sheria ya 2008, taasisi ya umma isiajiri zaidi ya theluthi moja kutoka kabila moja. Sasa wewe pita ofisi za chuo cha umma usome majina milangoni. Na hata kabla ya chuo, 2011 serikali ilipunguza nafasi za watoto wa shule za msingi za kibinafsi kwenye zile sekondari za kitaifa. Mpwa wangu na alama zake zote akajipata shule ambayo maabara ilikuwa kabati. Dadangu alikuwa amekopa karo ya akademi miaka yote hiyo.

Mtoto wa Kariakoo

Kabati lenye kufuli au lisilo na kufuli? Letu halikuwa na kufuli.

Chuma Ulete

Nyie wote mna raha. Mdogo wangu hapa Bongo, yatima wa pande zote mbili, kakosa mkopo wa chuo. Mtoto wa jirani, kwao kuna Prado, kapata wote.

Ngosha wa Dallas

Prado yenyewe ya mkopo, familia ina uzoefu.

Binti Pangani

Hahahaa, uzoefu kazini!

Bi Mkubwa wa Houston

Turudi kwenye mada jamani. Nimeiangalia ile glasi kwenye mwanga, ina ufa.

Wanjiku wa Minnesota

Hiyo pilau ilikuwa ya mbuzi ama ya ng'ombe?

Kibarazani

Samahani nje ya mada, nani anauza dagaa wa Mwanza hapo Houston? Shemeji yangu anakuja wikiendi.

Mmarekani wa Mbagala

Yupo mama mmoja Katy. Nenda na mizani yako.

Mtoto wa Kariakoo

Dagaa ni wa Kigoma. Hao wa Mwanza ni mchanga wenye macho.

Ngosha wa Dallas

Umetugusa Wasukuma sasa. Hebu rudia.