Msisaini karatasi ya dalali

*Kikundi: WAPANGAJI, NYUMBA YA MAREHEMU MAMA (KARIAKOO)*

JUMAPILI

19:42 Mama Salha: Habari za jioni jamani. Mmeuona ukuta wa mbele? Wamepiga X nyekundu mbili, moja chini ya dirisha langu, moja kwenye nguzo ya baraza.

19:43 Dogo Simu: Nimeiona. Rangi mbichi, imeshanichafua shati

19:43 Baba Devi: Watu wa Jiji hao?

19:45 Fundi Cherehani: Jiji wapi. Vijana wawili, walikuja na dalali na futi kamba. Mmoja kopo la rangi kalificha kwenye mfuko wa saruji. Nikamuuliza nani kakutuma, akasema "bosi".

19:46 Baba Devi: Tulizoea X ya TANROADS, wale wa barabara. Leo tuna X ya bosi 😂

19:47 Mama Salha: Usicheke Baba Devi. Mtoto kaniuliza kama tunabomolewa usiku, ikabidi nimwambie ni alama ya watu wa maji.

19:51 Fundi Cherehani: Kaniachia na barua. Picha haisomeki, naiandika: "YAH: KUKABIDHI CHUMBA/FREMU. Unaarifiwa kuwa kiwanja na jengo vimeuzwa kwa mmiliki mpya kwa ajili ya uendelezaji. Unatakiwa kuhama ndani ya siku 14. Mmiliki, kwa huruma yake, atatoa kifuta jasho cha Sh 500,000 kwa chumba na Sh 2,000,000 kwa fremu kwa mpangaji atakayesaini hati hii kabla ya Ijumaa. Mpokeaji hatakuwa na madai mengine yoyote."

19:52 Baba Devi: Kwa huruma yake!

19:52 Dogo Simu: Laki tano si mbaya lakini

19:53 Mama Salha: Si mbaya kwako wewe unayelala na begi moja. Mimi nimelipa mpaka Desemba. Niliwapa wale watoto wa marehemu mwenye nyumba kodi ya miezi sita mkononi, mwezi wa sita, na juu yake dalali akala ya kwake ya mwezi mmoja. Leo nipewe laki tano nikaanze kutafuta chumba kingine cha miezi sita mbele pamoja na dalali mwingine? Hesabu haifiki hata mlangoni.

19:55 Mjukuu wa Bibi: Shikamooni. Bibi Uwani hawezi kuandika, nasoma nyote anasikia. Anasema kwa nini hakuna aliyemletea yeye barua.

19:56 Fundi Cherehani: Marahaba. Mwambie Bibi dalali alimwogopa. Kafika ukumbini, kamwona na mwiko wa chapati, kageuza.

20:04 Neema (chumba 4): Ndo nimefika kutoka kazini. Kabla ya yote: MSISAINI HIYO KARATASI. Hata kama una shida ya hela, hata kama ulikuwa unahama. Someni tena ule mstari wa mwisho, "hatakuwa na madai mengine yoyote". Hicho ndicho wanachonunua. Laki tano si ya chumba, ni ya mdomo wako.

20:05 Dogo Simu: Dada Neema we unafanya kwa wakili, sisi wengine tunajuaje? Nyumba imeuzwa, mwenye mali kasema tokeni, tunabishaje?

20:11 Neema (chumba 4): Nitaandika kirefu mnivumilie. Nyumba kuuzwa hakuvunji upangaji. Anayenunua nyumba yenye watu anainunua na watu wake. Aliyelipa mpaka Desemba ana haki ya kukaa mpaka Desemba. Kama hela ya kodi walikula wauzaji, hilo wamalizane wao wawili, sisi halituhusu.
Wasio na mkataba wa maandishi msiogope. Sheria ya Ardhi ya 1999 inautambua hata upangaji wa mdomo, na notisi haitakiwi kuwa fupi kuliko kipindi unacholipia. Unalipa mwezi mwezi, notisi isipungue mwezi. Unalipa miezi sita, na notisi iwe hivyo. Siku 14 kaziokota wapi?

20:12 Baba Devi: Zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi, mzee wangu alikuwa anaitaja kila siku.

20:13 Neema (chumba 4): Ilifutwa 2005. Tusiende huko, watatucheka.

20:15 Fundi Cherehani: Sawa, vyumba mmeeleweka. Sisi wa fremu za biashara je? Mimi kuingia hapa nilitoa kilemba, ile hela ya kuachiwa fremu, milioni 18. Nusu kwa mpangaji aliyekuwa anatoka, nusu kwa kaka mkubwa wa familia, palepale barazani, zikahesabiwa juu ya cherehani. Vile vyerehani vinne na ile mashine ya ovaloki vyote nimenunua baada ya hapo, kwa mkopo. Sasa anakuja mtu na milioni mbili ya huruma.

20:16 Neema (chumba 4): Kuna karatasi ya hicho kilemba?

20:16 Fundi Cherehani: Neema na wewe. Nani anaandikiana kilemba?

20:19 Neema (chumba 4): Ndiyo shida yake kaka. Kariakoo nzima inakijua kilemba, ila hakuna karatasi inayokijua. Mkataba wako wa kodi unao, huo tutausimamia. Kwenye baraza la ardhi kilemba kitakusumbua, na yule kaka mkubwa atakikana mchana kweupe. Mahali pake ni kwenye mazungumzo, wakati wao bado wanataka kuanza haraka. Kila mwezi wanaochelewa kubomoa, hela yao imelala. Hiyo ndiyo nguvu tuliyo nayo, na ni ya kundi. Wakishawaondoa wanne kwa laki tano tano, watakaobaki hawana kitu.

20:21 Fundi Cherehani: Mi nilikuwa nataka niongee nao peke yangu kwanza. Nasema ukweli. Fremu na chumba si mzigo mmoja.

20:22 Mama Salha: Haya, kaongee. Sisi wa nyuma tutazoa vumbi.

20:22 Fundi Cherehani: Sijasema hivyo Mama Salha.

20:24 Mama Salha: Nakuelewa, una mkopo. Lakini Salha yuko shule ya Uhuru Mchanganyiko, kitengo cha wasioona. Anakwenda kwa miguu, kona zote kaziweka kichwani, hata duka la maandazi analijua kwa harufu. Nikihamia Chanika au Mbagala, nani atampandisha daladala saa kumi na moja asubuhi? Ndiyo maana naomba tuwe kitu kimoja.

20:26 Fundi Cherehani: Basi. Nimesikia.

20:31 Baba Devi: Kuna tetesi yule binti wa marehemu aliyeko Tanga hakusaini mauzo. Na msimamizi wa mirathi sijui kama alithibitishwa na mahakama. Tukilishika hilo si mauzo yanakufa?

20:34 Neema (chumba 4): Huo ni ugomvi wa warithi, unaweza kuchukua miaka. Tusijenge juu yake. Sisi tumwombe mnunuzi hati, na tufanye upekuzi kwa Msajili wa Hati tuone jina la nani lipo. Kama bado ni la marehemu, huyu "mmiliki mpya" anatutolea notisi kama nani? Hata kubomoa kunahitaji kibali cha Jiji, si kopo la rangi.

20:36 Baba Devi: Na wakague vizuri. Tangu lile ghorofa liporomoke Novemba 2024, mtu akichimba msingi Kariakoo mimi silali.

20:40 Dogo Simu: Magomeni Kota si walihamishwa wakaja kupewa maghorofa? Labda na sisi

20:43 Baba Devi: Dogo, zile zilikuwa za serikali. Kaya 644, wakapanga huko na huko karibu miaka kumi ndipo yakazinduliwa, Machi 2022. Kuna waliokufa hawajaona hata ngazi yake. Huyu wetu ni mfanyabiashara, hajakuahidi hata tofali.

20:52 Mjukuu wa Bibi: Bibi anauliza yeye hana mkataba, ana daftari. Nawatumia picha. Kava la bluu limechanika, linaanza 1989, kila mwezi mstari mmoja na saini ya marehemu. Mwanzo kabisa imeandikwa "chumba na jiko la uwani, Sh 400".

20:53 Neema (chumba 4): Mwambie Bibi daftari hilo asimpe mtu. Asimpe dalali, asimpe hata mimi. Upige picha kila ukurasa.

20:54 Mjukuu wa Bibi: Anasema hata mwenyewe marehemu alikuwa analiomba hampi 😂

JUMATATU

10:20 Mama Salha: Tumetoka serikali ya mtaa, mimi na Baba Devi. Mwenyekiti anasema hajaletewa barua wala mtu wa kutambulishwa, na hizo X hazijui. Mtendaji kaandika malalamiko yetu kitabuni, kagonga muhuri kwenye nakala yetu.

10:22 Baba Devi: Kasema twende Baraza la Kata. Nikamwambia la Kata tangu 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Akanitazama kama nimemtukana.

10:30 Neema (chumba 4): La Kata ni lazima tupite, wakishindwa kusuluhisha ndipo tunakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Leo jioni kila mtu alete mkataba, risiti, meseji za M-Pesa za kodi. Mikataba ambayo haijalipiwa ushuru wa stempu tutailipia kwanza, bila hivyo barazani haipokelewi kama ushahidi. Wengi wenu hamjalipia, najua.

10:31 Dogo Simu: 🙈

10:33 Neema (chumba 4): Na LUKU tuendelee kununua kama kawaida, kwa zamu ileile. Akija mtu kukata umeme, kung'oa mlango au kutoa vyombo nje bila amri ya baraza au mahakama, msipigane. Pigeni picha, piteni polisi mchukue RB, ile namba ya taarifa.

13:05 Fundi Cherehani: Dalali kanipigia sasa hivi. Chumba imekuwa milioni moja, fremu milioni tano. Na anataka kukutana na mimi Msimbazi, mimi tu.

13:06 Baba Devi: Jana laki tano, leo milioni, na hatujafungua mdomo!

13:08 Fundi Cherehani: Nimemwambia siendi. Akitaka, sote.

13:09 Mama Salha: Mungu akuweke fundi 🙏🏾

13:12 Dogo Simu: Semeni basi tunataka nini, mi niache kuhesabu ya milioni

13:18 Neema (chumba 4): Tuandike hivi, mrekebishe: muda wa kodi uliolipwa uishe, na juu yake miezi mitatu bila kodi. Gharama ya kuhama na kodi ya miezi sita huko tuendako. Wa fremu, pamoja na hayo, kilemba kizungumzwe kwa kila mmoja mbele ya wote. Fremu kwenye jengo jipya tuombe, ila msiiwekee moyo, bei zake mnazijua.

13:20 Mama Salha: Kuhama iwe baada ya mitihani ya shule.

13:20 Neema (chumba 4): Naongeza.

13:27 Mjukuu wa Bibi: Bibi anasema mwambieni dalali aje uwani, si Msimbazi. Aje na bosi wake na hati yake, tuione kwa macho. Chai ataweka yeye, sukari waje nayo.

13:28 Fundi Cherehani: Namwambia Alhamisi. Saa ngapi?

13:28 Neema (chumba 4): Saa kumi na mbili jioni, nitakuwa nimetoka kazini. Dogo, kopi za mikataba ni nne nne, si tatu.