Uzamivu wa uandishi bunifu huku nafundisha: riwaya na uhakiki nivipangeje?

Mwalimu wa Nkuhungu

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Kiswahili na Historia sekondari moja ya serikali hapa Dodoma mjini. Nasoma pia shahada ya uzamivu ya uandishi bunifu kwa masafa, chuo kiko Uingereza, na huu ni mwaka wa pili. Mwisho wa safari natakiwa kuwasilisha riwaya ya maneno 80,000, pamoja na uhakiki wa maneno 20,000 unaoeleza kwa nini nimeiandika hivyo na inasimama wapi kati ya kazi za wengine. Yote kwa Kiingereza. Ya Kiswahili nitaiandika baadaye, hilo nimeshaapa.

Riwaya ni ya Kongwa, miaka ya mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951. Mhusika wangu ni kijana wa Kigogo anayefundishwa kuendesha trekta, kisha mradi unafungwa, anabaki na ujuzi ambao pale kijijini hauna wa kumwajiri. Nampenda sana huyu kijana. Nikimpata asubuhi nikiwa sijachoka, anazungumza mwenyewe.

Lakini nampata lini? Wiki ya zamu siandiki kabisa. Mock ya Kidato cha Nne ikifika, nabeba mafurushi ya insha hadi nyumbani. Jumapili baada ya ibada naenda Mvumi kumwona mama. Nikifungua kompyuta saa nne usiku nakuta msimamizi anaulizia sura ya nadharia, nami kichwa kimeshalala.

Swali langu: nimalize riwaya kwanza ndipo nishike uhakiki, au nivibebe vyote pamoja? Mlio kazini mliwezaje?

Jirani wa Chimwaga

Dada, hongera na pole. Mimi nilimaliza shahada ya aina hiyo nikiwa na vipindi vya kufundisha na watoto wadogo nyumbani, kwa hiyo nasema ninachokijua.

Saa nne usiku usimpe yule kijana. Mpe alfajiri, kabla hujawaamsha watu wa nyumbani. Usiku uliochoka bado unafaa kwa kazi za uhakiki zisizotaka moyo: kupanga marejeleo, kunakili dondoo, kusoma makala moja na kuandika chini yake inakuhusu nini. Nyingine unasoma kwenye daladala. Riwaya ndiyo haikubali masalio.

Sasa hesabu. Maneno 500 kwa kikao, vikao vinne kwa wiki, ni 2,000. Kwa wiki 40 una rasimu ya kwanza. Toa wiki za zamu, za mock na za mitihani ya Novemba, bado unamaliza chini ya miaka miwili. Mwandikie msimamizi mwanzoni mwa mwaka umtajie miezi ambayo shule inakumeza na miezi ambayo uko huru, Juni na Desemba. Yeye anafuata kalenda ya kwao, ya kwako hawezi kuijua usipomwambia. Na mkubaliane apokee sura za riwaya na kurasa za uhakiki kwa zamu, visigongane mwezi mmoja.

Ila uhakiki usiuache hadi mwisho. Weka daftari pembeni ya riwaya. Siku ukiamua kwamba kijana asimulie mwenyewe, au kwamba bwana shamba Mzungu asipewe sura yake, andika tarehe na sababu, mistari mitano tu. Siku ya utetezi watahini watakuuliza hayo hayo. Baada ya miaka mitatu hutakumbuka kwa nini uliamua, utabaki kubuni sababu, na watahini wazoefu wanalitambua hilo.

Halafu utafiti. Mradi ule una mambo ya kuvutia, hata vifaru vya vita viligeuzwa matrekta, na unaweza kuzama humo mwaka mzima ukidhani unaandika. Udongo wa Kongwa ukikauka unashikana, karanga hazing'oleki. Jambo hilo moja linabeba sura nzima. Idadi ya matrekta mwachie mwanahistoria.

Mama Tasnifu

Naunga mkono alfajiri na daftari. Kutenganisha nadharia na riwaya kwa saa, hapo sikubali. Mwangalieni Kezilahabi, mwandishi wetu wa riwaya. Alimaliza uzamivu wake Wisconsin mwaka 1985, tasnifu yenyewe ya falsafa na ufasiri wa fasihi, na zile riwaya zake fupi nzito, Nagona na Mzingile, zilitoka 1990 na 1991. Falsafa iliingia kwenye riwaya. Makala ukiyasoma usiku tu, umechoka, hayatafika kwa kijana wako. Tenga walau asubuhi moja kwa wiki usome ukiwa mzima.

Mzee wa Kibaigwa

Binti yangu, wenzangu wanabishana asubuhi na usiku. Mimi nakuuliza, umeshaongea na wazee? Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1947 leo anakaribia 90. Sura ya nadharia itakusubiri, hao hawatakusubiri. Chuo chako hakitakuruhusu kuwahoji kabla ya kibali cha maadili ya utafiti, basi kiombe muhula huu, mbele ya yote. Na ukifika uwe makini: Kongwa ilikuja kuwa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika kuanzia 1964, na wapo wanaosimulia mambo ya kambi wakidhani ni ya karanga. Waulize kwanza, wakati huo ulikuwa umeshaoa?

Mwalimu wa Nkuhungu

Shikamoo mzee. Umenigeuzia mpangilio wote. Fomu ya kibali ninayo tangu mwaka jana, nilikuwa naipa nafasi ya mwisho. Leo inapanda juu. Jirani, daftari naanza kesho, na barua ya kalenda naiandika kabla shule haijafunguliwa. Mama Tasnifu, Jumamosi asubuhi nakupa wewe.

Mzee, kibali kikitoka nikija huko nianzie wapi?

Mzee wa Kibaigwa

Marahaba. Anzia kwa mtendaji wa kijiji ukiwa na barua ya chuo mkononi. Usimtangulize bodaboda akupeleke moja kwa moja nyumbani kwa mzee. Na uje Juni, mavuno yakiwa yametoka shambani, watu wana nafasi ya kukaa.