Sarafu za 1888 shambani kwa ami: ni zetu au za serikali?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri kwa anayejua sheria.

Rafiki yangu ana ile mashine ya kutafuta vyuma ardhini. Juzi tulikwenda nayo shamba la ami yangu, Kisauni, ikalia chini ya mwembe. Tukachimba kama futi moja, tukatoa sarafu kumi na moja za shaba. Moja nimeiosha kwa maji tu: ina picha ya mizani, jina Mombasa na mwaka 1888. Hizi ni pesa za ile kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani kabla ya serikali yao wenyewe kuja mwaka 1895.

Ami asema shamba lake, mali yake. Rafiki asema mashine yake, tugawane. Na kuna mtu mjini tayari ataka kuzinunua.

Mimi nina wasiwasi. Nimesoma Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006: kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 chahesabiwa mali ya kale, na kikifukuliwa ni cha serikali. Yaani hatimiliki ya ami haimsaidii?

Nataka kuzipeleka Fort Jesus, kwa watu wa makavazi. Je, tutashtakiwa kwa kuchimba bila leseni? Ami ni mzee, sitaki asumbuliwe na polisi. Na kuna fidia yoyote, au hupewi hata karatasi ya kuonyesha ulizileta wewe?