Bango linatuita askari, mkataba unatutoza kama raia: mikopo ya "wanajeshi na maveterani" hapa Marekani

Ndugu wanajamvi, naandika nikiwa na hasira, lakini hesabu nimeirudia mara tatu.

Niliingia jeshi la Marekani kupitia MAVNI, ule mpango uliowachukua wageni wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwamo. Nilitumikia miaka sita, nikavua magwanda na kubaki hapa Killeen, Texas. Miezi minne baadaye giaboksi ya gari langu ilikufa, na katika mji huu asiye na gari hafiki kazini. Nikaenda kwenye kampuni moja yenye bendera mlangoni na bango la mikopo ya awamu "kwa wanajeshi na maveterani", nikakopa dola 3,000 za kurejesha kwa miezi 24, kwa riba ya asilimia 98 kwa mwaka. Ndiyo, nilisaini mwenyewe, msinikumbushe. Rejesho ni dola 289 kila mwezi, na katika lile la kwanza riba ilimeza dola 245, zikabaki 44 tu za kupunguza deni. Nikimaliza nitakuwa nimelipa zaidi ya dola 6,900.

Sasa sikilizeni. Sheria ya mwaka 2006 inayowalinda wanajeshi dhidi ya wakopeshaji inaweka kikomo cha asilimia 36, ada nyingi zikihesabiwa humo humo, na tangu Oktoba 2016 kanuni za Wizara ya Ulinzi zimeijumuisha mikopo ya awamu. Kwa kikomo hicho, mkopo huu huu ungekuwa na rejesho la dola 177, jumla takriban 4,250. Lakini sheria hiyo ni ya askari aliye kazini pamoja na mwenzi wake na watoto wanaomtegemea. Aliyekwisha kutoka hayumo.

Na wao wanalijua hilo kuliko sisi. Kabla ya kukopesha, kampuni huulizia kwenye kanzidata ya Wizara ya Ulinzi kama mteja bado analindwa. Karani aliingiza namba yangu, akatazama kioo cha kompyuta, akatabasamu, akanishukuru kwa kulitumikia taifa. Alikuwa amehakikisha kwamba nimeshatoka! Bango lilinihesabu askari ili niingie mlangoni, kompyuta ikanihesabu raia ili nikamuliwe.

Nilipolalamika, meneja alinijibu kwamba mkopo umetolewa na benki iliyosajiliwa katika jimbo la Utah, kwa hiyo vikomo vya riba vya Texas havinihusu, na kwamba mkataba unanizuia kwenda mahakamani, lazima nikubali msuluhishi. Sharti hilo kwa askari aliye kazini ni marufuku.

Nimeomba chama cha akiba na mikopo kilichosajiliwa na serikali kuu kilinunue deni hili, kwa kuwa mikopo yao ya kawaida haivuki asilimia 18. Aliyewahi kufanikiwa kwa njia hiyo anieleze waliomba nyaraka gani. Nanyi mlio bado kambini mkihesabu siku za kutoka, jiungeni na chama kama hicho kabla hamjakabidhi kitambulisho.