Ethiopia kuiachia birr sokoni: nani aliyekuwa akiipata dola ya bei rasmi?

Mleta mada:
Wadau, tangu Ethiopia iiachie sarafu yake, birr, ipangiwe bei na soko badala ya serikali tarehe 29 Julai 2024, kuna hoja moja inayorudiwa kila kona: serikali imewauza wananchi wake kwa IMF, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa. Wanaosema hivyo wana tarakimu. Siku hiyo moja birr ilitoka 57 na ushee kwa dola ikafika karibu 75, na kabla mwaka haujaisha ilishapita 120. Siku ileile IMF ikaidhinisha mkopo wa dola bilioni 3.4. Shinikizo lilikuwepo, silikatai. Desemba 2023 nchi ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 33 ya hati fungani yake, haikuwa na pa kukimbilia.

Hata hivyo nasema walifanya sawa, na sababu yangu ni hiyo hiyo 57, bei rasmi ya dola. Nani alikuwa akiipata? Addis Ababa mtaani dola ilikuwa imeshapita birr 100 kabla ya Julai. Mwenye duka la vipuri akienda benki anaandikishwa kwenye foleni, miezi inapita, mwishowe ananunua ya magendo. Dola ya bei rasmi ilienda kwa mashirika ya serikali na kwa wenye kujulikana. Na aliyeipata akishaingiza mzigo hakuuza kwa hesabu ya 57. Aliuza kwa bei ya sokoni kama wenzake, tofauti ikabaki mfukoni mwake.

Chukueni kahawa, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa mauzo yao ya nje. Kwa kanuni ya Januari 2022, msafirishaji akiingiza dola 100, Benki ya Taifa, ndiyo benki kuu yao, inachukua 70 kwa bei rasmi, 10 zinaenda kwa benki yake, yeye anabaki na 20. Basi ikawa watu wanauza kahawa nje kwa hasara makusudi, mradi tu wapate hizo dola chache za kuagizia bidhaa, na faida waipate huko kwenye bidhaa. Mfanyabiashara anayejua kahawa tu, asiye na kitu cha kuagiza, angeshindana nao vipi? Dhahabu nayo ilivuka mipaka kimyakimya. Birr ilipoachiwa, ile inayopelekwa Benki ya Taifa ikaongezeka mno. Mchimbaji mdogo hakuwa mhalifu kwa kuzaliwa. Alikuwa anapunjwa.

Mchangiaji:
Ndugu mleta mada, ya vipuri na kahawa sikupingi. Umeruka mafuta, mbolea na dawa. Hivyo viliagizwa kwa dola ya bei rasmi, na viliwafikia watu wa kawaida. Serikali yenyewe ililijua hilo, ndiyo maana ikatangaza ruzuku ya muda. Ya muda! Bei ya mafuta ikapandishwa awamu kwa awamu.

Halafu wenye mishahara. Mei 2025 madaktari na wauguzi wa Ethiopia waligoma kudai mishahara ya kuishi, baadhi wakakamatwa. Daktari hauzi kahawa, hana dhahabu. Wazee wetu hapa Tanzania wanalijua hili. Mwalimu Nyerere aliyakataa masharti ya IMF miaka mingi, kisha 1986 chini ya Mzee Mwinyi shilingi ikashushwa kutoka 17 hivi kwa dola hadi 40. Bidhaa zikarudi madukani, kweli. Lakini mwalimu wa shule alibaki kuzitazama, ikabidi aanze tuisheni na kufuga kuku ili wanawe wale.

Mchangiaji mwingine:
Na magendo hayakuisha, wakuu. Mwaka 2025 pengo la bei ya benki na ya mtaani lilirudi. Kama hii ndiyo bei ya soko, ile nyingine inatoka wapi?

Mleta mada:
Nianze na hili fupi. Pengo lilirudi kwa sababu kufuli halikufunguliwa lote: kwa kanuni za Julai 2024 msafirishaji alibaki na nusu ya dola zake, ada za benki zilikuwa nzito, na malipo mengine ya nje yalikuwa na vikwazo. Anayebanwa benki anarudi mtaani.

La daktari ndilo zito, na uchungu huo ninao. Lakini angalieni mwaka 2022, birr ikiwa bado inalindwa: mfumuko wa bei ulipita asilimia 30. Mshahara wake ulianza kuliwa hapo. Juni 2024 mfumuko ulikuwa karibu asilimia 20, na baada ya birr kuachiwa takwimu rasmi ziliendelea kushuka. Sababu ni kwamba benki zilishawekewa kikomo cha mikopo tangu 2023, na bidhaa nyingi zilikwishapangiwa bei kwa dola ya magendo.

Mbolea na dawa zipewe ruzuku, tena zaidi ya ilivyo sasa, lakini iandikwe kwenye bajeti: kiasi gani, kwa nani, hadi lini. Daktari aongezewe mshahara kwa njia hiyo hiyo, bunge likiona. Dola ya 57 nayo ilikuwa ruzuku, ila majina ya wanufaika hayakubandikwa popote. Kwa hiyo mnaotaka bei ya kupangwa irudi, naomba mnijibu hili: dola zikiwa hazitoshi, ofisi gani itaamua nani apate, na sisi wengine tutaionaje orodha hiyo?