Reuben ya kuoka kwenye trei: mkate ukae chini au juu?

Kijiko cha Mbao

Wakuu, habari za jioni. Jumamosi nina ugeni wa watu 12, vijana wanaotoka mazoezini na njaa zao, na wamenitamkia wazi kwamba wanataka Reuben. Kwa asiyeijua, ni ile sandwichi ya moto ya Kimarekani: mkate wa rai (nafaka jamii ya ngano), nyama ya ng'ombe ya chumvi iliyokatwa nyembamba, kabichi chachu, jibini ya Uswisi yenye matundu, na sosi ya mayonesi yenye rangi ya waridi. Inabanwa kwenye kikaango chenye siagi hadi mkate ukauke nje na jibini iyeyuke ndani.

Kwa mgeni mmoja au wawili sina wasiwasi. Ila kikaango changu kinabeba mbili tu kwa wakati, na kila awamu inakula karibu dakika 10. Wa kwanza atakuwa ameshanawa mikono, wa mwisho bado anasikilizia harufu. Na Reuben iliyopoa simwekei mtu mezani; jibini inakuwa mpira na mkate unalegea.

Kwa hiyo nataka niipange kwa tabaka kwenye trei, iingie oveni mara moja, kila mtu apakuliwe ya moto. Nimesoma maelekezo mengi na yote yanagombana. Huyu anatandika mkate chini, yule anauweka juu, mwingine juu na chini. Kuna anayemimina mayai na maziwa kama anatengeneza pudini. Kuna anayesema kabichi iingie na maji yake "ili isikauke", na hapo ndipo nilipoanza kushuku kama mwandishi aliwahi kukila chakula chake mwenyewe.

Nani ameshaifanya ikatoka ina ladha ya Reuben kweli, siyo kabichi ya kuoka yenye nyama? Na mkate unakaa wapi?

Mvivu Halali

Juu. Chini utalowa. Nimemaliza.

(Nitarudi kuona kama kuna mapishi kamili, maana na mimi nataka.)

Bi Mkubwa wa Kaunta

Mwanangu Kijiko, nimefanya kazi kwenye kaunta ya sandwichi Omaha, mji wa jimbo la Nebraska huko Marekani, kwenye deli (duka la sandwichi na nyama zilizoandaliwa) ambako Reuben ilikuwa ndiyo inayotoka kuliko kitu kingine chochote. Siku za mikutano mikubwa tulikuwa tukiletewa oda za watu wengi kwa mpigo, na hizo hatukuzikaanga moja moja. Tulioka kwenye trei. Basi nikueleze tulivyofanya, maana huyo anayekuambia uweke maji ya kabichi hakutakii mema.

Adui wako ni maji. Kwenye kikaango mvuke unatoka pembeni na juu, na sandwichi ni nyembamba. Kwenye trei yenye kina hauna pa kwenda, unarudi kwenye mkate. Kwa hiyo kabla hujawasha chochote, shughulikia kabichi. Imwage kwenye chujio ichuruzike, halafu itie kwenye kitambaa safi, uisokote kwa mikono miwili kama unakamua nguo. Itatoka maji mengi kuliko unavyotarajia. Ukidhani umemaliza, kamua tena. Ionje. Kama chumvi yake ni kali sana isuuze mara moja kwa maji baridi kisha ukamue upya, lakini usiisuuze kwa mazoea tu, kwa sababu uchachu ndio unaokata mafuta ya nyama na jibini. Ukiuosha wote umebaki na kabichi ya hospitali.

Kwa trei ya sm 33 kwa 23 chukua kabichi gramu 900 kabla ya kukamua, nyama gramu 600, jibini gramu 300, vipande 8 vya mkate wa rai na siagi gramu 60. Hiyo inashibisha watu wanane. Kwa vijana 12 waliotoka mazoezini andaa trei mbili, usijidanganye.

Mkate ukate vipande vya kama sm 2, uutandaze kwenye trei pana na kuukausha kwa nyuzi 150 kwa dakika 15 hivi, ukiugeuza mara moja. Hutaki uwe kahawia, unataka ukauke. Mkate mbichi unafyonza mvuke hapohapo, uliokaushwa unavumilia. Ukitoka, changanya na siagi iliyoyeyushwa, na kama mkate wako hauna mbegu za kisibiti, nyunyizia kijiko kimoja cha chai. Watu wengi wanaposema "ladha ya rai" kumbe wanasema kisibiti.

Nyama nayo. Usiilaze vipande vizima kama kwenye sandwichi. Ukiinama na kijiko kupakua, kipande kinavutana na mwenzake na mtu wa kwanza anaondoka na nyama ya watu watatu. Ikate michirizi ya upana wa kidole, ukikata kukingama na nyuzi zake. Nyama ya chumvi kwa kawaida hutokana na kidari, na kidari kina nyuzi ndefu; ukikata kufuata nyuzi utatafuna hadi kesho.

Sasa sosi, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mayonesi ni mafuta na maji yaliyoshikanishwa na kiini cha yai. Ukiipika sana inaachana, na unapata dimbwi la mafuta chini ya trei. Kwa hiyo tengeneza ya kutosha lakini usiiweke yote ndani. Mayonesi ml 240, tomato sosi vijiko vikubwa 4, achari ya matango iliyokatwa ndogondogo vijiko 2, kitunguu kilichokunwa kijiko kimoja, haradali kijiko cha chai, pilipili manga. Chumvi hapana kabisa. Nyama, kabichi, jibini na achari zote zimeshakuja na chumvi zao. Nusu ya sosi ipake ndani, nusu iweke friji uimwagie mezani ikiwa baridi juu ya chakula cha moto. Hiyo nusu ya baridi ndiyo itakayowafanya waseme "hii ni Reuben".

Upangaji: kabichi chini, sosi, nyama, jibini, mkate juu kabisa. Jibini ikae chini ya mkate moja kwa moja, kwani ikiyeyuka inaushika mkate usiteleze, na pia inakuwa kama paa linalouzuia mvuke. Bakiza konzi moja ya jibini. Oveni nyuzi 180. Funika kwa foili dakika 20 ili ndani pashike moto, kisha funua, nyunyiza ile konzi ya jibini, uache dakika 15 hadi 20 mkate ugeuke rangi na pembeni pawe panatokota. Ukitoa, usipakue hapohapo. Dakika 10 za kukaa zinafanya tabaka zishikane.

Na jibini ukune mwenyewe. Ile inayouzwa imekunwa tayari mara nyingi hupakwa wanga isishikane, na haiyeyuki kwa ulaini uleule.

Mvivu Halali

Nilisema juu.

Fundi wa Tabaka

Bi Mkubwa, shikamoo. Nakubaliana na wewe kwenye maji na sosi, ila kuhusu mayai naomba kutofautiana kidogo. Kijiko anafanya kazi hadi Ijumaa usiku bila shaka, na njia ya mayai ina faida ambayo yako haina: inaandaliwa jana yake ikiwa nzima, pamoja na mkate.

Mimi nalaza nusu ya mkate uliokaushwa chini, napanga vitu katikati, namalizia na nusu nyingine juu. Kisha napiga mayai 6 na maziwa ml 600 na kijiko cha haradali, namimina taratibu, nafunika, inalala friji. Kesho yake nyuzi 175, kati ya dakika 50 na saa nzima, hadi katikati pasitikisike. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 71 katikati. Inakatika vipande vya mraba, mtu anakula kwa uma, hakuna kumwagika. Kabichi ni lazima ikamuliwe hapa pia, pengine zaidi, maana asidi yake ikiwa nyingi maziwa yanakatika vipandevipande.

Bi Mkubwa wa Kaunta

Marahaba mwanangu. Sikatai kwamba ni kitamu. Ila hicho ni chakula cha asubuhi chenye nyama ndani yake. Mkate uliolala kwenye maziwa usiku kucha hauwezi tena kuwa mkavu, na Reuben isiyo na mkate mkavu imepoteza nusu ya maana. Kijiko aliuliza afanyeje ipate ladha ya Reuben, hakuuliza afanyeje ikatike vizuri.

Fundi wa Tabaka

Sawa, sawa. Nimenyamaza. (Lakini vijana wa mazoezini wangeyapenda hayo mayai.)

Msomaji wa Menyu

Samahani naingilia kati na historia, nimeona Bi Mkubwa ametaja Omaha na siwezi kupita kimya. Kuna ugomvi wa muda mrefu kuhusu nani aliianzisha. Watu wa Nebraska wanasema ni Reuben Kulakofsky, mfanyabiashara wa vyakula, kwenye michezo ya karata iliyokuwa ikifanyika Hoteli ya Blackstone mjini Omaha miaka ya 1920, na kwamba familia ya Schimmel iliyomiliki hoteli ndiyo iliyoiingiza kwenye menyu. Watu wa New York wanamtaja Arnold Reuben, mwenye mkahawa uliobeba jina lake. Kinachoninyima usingizi ni kwamba ile "Reuben Special" ya New York, kama inavyosimuliwa, ilikuwa na nyama ya nguruwe na saladi ya kabichi mbichi, siyo nyama ya ng'ombe ya chumvi na kabichi chachu. Kwa hiyo mimi niko upande wa Omaha. Mwaka 1956 mhudumu wa huko, Fern Snider, aliipeleka kwenye shindano la kitaifa la sandwichi na ikashinda, ndipo ikaanza kujulikana nchi nzima.

Jambo jingine: watu huihesabu kuwa chakula cha deli za Kiyahudi, lakini sheria za Kiyahudi za chakula zinakataza kuchanganya nyama na maziwa. Deli inayofuata sheria hizo sawasawa haiwezi kukuuzia Reuben yenye jibini. Basi ukiwa na mgeni anayezishika, muulize kabla hujampakulia.

Bi Mkubwa wa Kaunta

Omaha. Mjadala umefungwa.

Kijiko cha Mbao

Shikamoo Bi Mkubwa, na ahsanteni nyote. Nimeamua: mkate juu, bila mayai (Fundi usinune, yako nitaijaribu siku isiyo na wageni wengi). Nina mawili yamebaki. Kwanza, nikikosa nyama ya chumvi ya kukata, ile ya kopo itafaa? Pili, Ijumaa nitarudi nyumbani nimechoka. Kipi naweza kutanguliza bila kuharibu ukavu wa mkate?

Bi Mkubwa wa Kaunta

Marahaba. Ya kopo ni jamaa wa mbali. Imesagwa na kubanwa na mafuta yake, ikipata moto inasambaratika na kuwa kama rojo. Ukilazimika, igandishe kidogo kwanza ili ikatike vipande vinene, kisha uvikaushe kwenye kikaango kisicho na mafuta hadi pembeni pawe pakavu na mafuta yamwagike. Kwa trei moja weka gramu 450 tu, maana ni nzito mdomoni. Na kabichi iongeze kidogo. Lakini kama unaweza kupata bata mzinga wa kuchoma uliokatwa nyembamba, mimi ningechukua huyo kabla ya kopo. Kuna sandwichi inaitwa Rachel inayotumia bata mzinga na saladi ya kabichi badala ya kabichi chachu, kwa hiyo hutakuwa umevunja sheria ya mtu.

Ijumaa fanya hivi: kamua kabichi, kata nyama, tengeneza sosi, na jibini uikune. Panga trei zote mbili hadi kwenye jibini, funika, ziingie friji. Mkate ukaushe, uache upoe kabisa, kisha uuweke kwenye chombo chenye mfuniko mkavu, nje ya friji. Siagi usiitie bado. Jumamosi toa trei wakati unawasha oveni, hasa kama ni za kioo, kwa sababu kioo cha baridi kikikutana na moto wa ghafla kinaweza kupasuka. Changanya mkate na siagi, tandaza juu, oka. Kwa kuwa zimetoka friji ongeza dakika 10 za foili.

Na trei mbili kwenye oveni moja: moja rafu ya juu, nyingine ya chini, ukifika wakati wa kufunua foili uzibadilishane. Bila hivyo ya juu itaungua mkate na ya chini itabaki rangi ya karatasi.

Mvivu Halali

Je, kikibaki?

Bi Mkubwa wa Kaunta

Kwa vijana 12? Haya. Kiingie friji ndani ya saa 2, kiliwe ndani ya siku 3. Pasha kwenye oveni, kimefunikwa kwanza kisha kimefunuliwa. Kwenye maikrowevu mkate unakuwa ngozi ya kiatu. Sosi ya baridi ibaki kwenye chombo chake, usiimwagie kinachobaki.

Kijiko cha Mbao

Nimeandika yote kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa friji. Bata mzinga nimempata, nyama ya chumvi pia, kwa hiyo trei moja Reuben na nyingine Rachel. Hiyo ya Rachel, saladi ya kabichi nayo niioke au niiweke juu ikiwa baridi?

Bi Mkubwa wa Kaunta

Baridi, mezani, pamoja na sosi. Ukiioka itatoa maji, na tumeshaongea kuhusu maji.